Mfongo: Maji Yanayoonekana Kupanda Mlima

Mgeni anayetembezwa kwa mara ya kwanza kando ya mfongo, mfereji wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, Marangu au Old Moshi, hakawii kuuliza: mbona maji haya yanapanda mlima? Hayapandi. Upande mmoja wa njia bonde la mto linaporomoka, na jicho, likikosa cha kulinganishia, huuchukua mteremko huo kuwa ndio usawa. Mfereji unaoshuka polepole kuliko kila kitu kinachouzunguka huonekana unakwenda juu.

Hesabu yake haihitaji hata kikokotoo. Tuseme mto unashuka mita 1 kwa kila mita 10, na mfongo uliochepushwa kutoka humo unashuka mita 1 kwa kila mita 500. Baada ya kilomita 2, mto umeshuka mita 200 chini ya banio, yaani pale maji yalipochepushwa. Mfongo umeshuka 4 tu. Tofauti ya mita 196 ndiyo inayofikisha maji kwenye kihamba, penye migomba na kahawa, wakati mto wenyewe umeshazama korongoni.

Upande wa kusini wa Kilimanjaro ni migongo na makorongo yanayofuatana, na Wachaga walijenga migongoni. Mvua nyingi zaidi huangukia ukanda wa msitu, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali tambarare zilizo chini ya mji wa Moshi hukaukiwa miezi mingi. Barafu ya kilele cha Kibo, ile inayopigwa picha kila siku, mchango wake kwa mito hii ni mdogo mno. Tangi la mlima huu ni msitu. Ndiyo maana mabanio mengi yako juu, karibu na msitu au ndani yake, na baadhi yamejikuta ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu mipaka yake ilipopanuliwa mwaka 2005.

Kazi ngumu ni kuchagua mteremko. Ukiwa mkali, maji hula kingo za udongo na mfereji hubomoka. Ukiwa mpole kupita kiasi, mchanga hutuama na mfereji hujaa. Katika mfereji wenye umbo lilelile, kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha mteremko: ukiuongeza mteremko mara 4, kasi huongezeka mara 2. Fundi asiye na pimamaji anacho kipimo kimoja kisichodanganya, nacho ni maji yenyewe. Anachimba kipande, anafungulia, anaangalia. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Kilimanjaro mwaka 1884, aliikuta mifereji hii ikifanya kazi na akaieleza kitabuni. Enzi hizo maji yalikwenda pia kwenye ulezi wa kiangazi, na bila ulezi hakuna mbege, pombe ya Wachaga.

Uholanzi, nchi nyingine ya mifereji, mambo yamegeuzwa. Takriban robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo shida yao ya kale ni kuyaondoa maji. Mifereji yao imelazwa tambarare, vipande vikitenganishwa kwa malango, hata mgeni anaweza kuketi juu ya tishari lililogeuzwa nyumba na kunywa chai akisafiri. Mfongo ukilazwa hivyo umekufa. Mgeni wetu atatembea kwa miguu, na kwa maoni yangu huona zaidi: banio la mawe na magogo, zamu za kumwagilia, na bwawa dogo linalokusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa nguvu.

Siku hizi sehemu nyingi zinasakafiwa kwa saruji, kwa sababu mfereji wa udongo huvuja sana. Ni kweli, lakini maji yaliyovuja hayajaishia hewani. Sehemu yake huzama na kurudi mitoni au kwenye maji ya ardhini, na huko chini kuna wanaoyangoja: mradi wa mpunga wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza mwaka 1987, hutumia maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi yake Moshi, hutoa vibali vya kuchukua maji. Kinachoingia banioni hupimika. Kinachozama njiani ni kigumu zaidi kukipima, na kabla ya kumwaga saruji hiyo mkulima wa kihamba na mwenzake wa mpunga kule chini wana mengi ya kuulizana.