Damu Huulizwa, Haisemi Yenyewe

Je, wajua kwamba katika damu yako, hivi sasa unaposoma, vinaelea vipande vya DNA visivyo ndani ya seli yoyote? Kila siku seli za mwili hufa kwa mabilioni na nyingine huzaliwa. Zinapovunjika, nyuzi zake za urithi hukatikakatika na kumwagika katika damu. Kipande cha kawaida kina urefu wa herufi 166 hivi za lugha ya jeni, wala hakikai sana: katika muda usiozidi saa mbili na nusu hivi, nusu ya vipande huwa vimeshasafishwa.

Watafiti Mandel na Métais wa Ufaransa waliviona vipande hivyo mwaka 1948, na kwa miaka mingi watu wachache tu walivijali. Mwaka 1996 ikaonyeshwa kwamba uvimbe wa saratani nao humwaga DNA yake humo humo, ikiwa na kasoro zake zilezile. Mwaka uliofuata mtafiti Dennis Lo, aliyekuwa amesoma matokeo hayo, akatafuta DNA ya mtoto wa tumboni katika damu ya mama, akaipata. Baadaye kipimo cha wajawazito kilichotokana na ugunduzi huo kikaleta ajabu nyingine. Kuna akina mama walioambiwa majibu yao hayaeleweki, na walipochunguzwa zaidi ikabainika kwamba mtoto ni mzima, ila mama mwenyewe ana saratani asiyoijua.

Hapo ndipo ilipozaliwa hamu ya siku hizi: kutoa damu mara moja, kabla ya maumivu wala uvimbe, na kuambiwa kama kuna saratani mahali popote mwilini. Kinachojulikana zaidi ni kipimo cha Marekani kiitwacho Galleri. Hakisomi herufi za jeni tu, bali pia alama za kemikali zilizobandikwa juu yake, kwa kuwa alama hizo hutofautiana kati ya seli ya ini, ya pafu na ya utumbo. Kilipoanza kuuzwa mwaka 2021 bei yake ilikuwa dola 949, yaani zaidi ya shilingi laki moja za Kenya.

Kinafanya kazi kiasi gani? Katika utafiti mmoja wa Marekani, watu 6,621 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa. Damu za watu 92 zilionyesha dalili ya saratani. Walipofuatiliwa, 35 walikuwa nayo kweli na 57 hawakuwa nayo. Tena utafiti wa awali wa kipimo hichohicho ulionyesha kwamba katika wagonjwa 100 ambao saratani yao iko hatua ya kwanza, kiliwakamata 17 hivi tu. Sababu yake ni ya kimaumbile: uvimbe mchanga una seli chache zinazokufa, na vipande vyake ni haba mno kati ya maelfu ya vipande vya seli nzima. Mvuvi wa Malindi hahitaji kufundishwa jambo hili. Jarife lenye macho makubwa hupitwa na dagaa, na juya lenye macho madogo huzoa hata majani.

Wanaume wa Pwani ya Kenya wamekwisha kulionja jambo hilo kwa kipimo cha PSA cha tezi dume. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi hiyo, na kiwango chake kikipanda mtu hushtuka. Lakini hupanda pia kwa tezi kutanuka kutokana na umri, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, hata kwa safari ndefu ya baiskeli siku moja au mbili kabla ya kupimwa. Kati ya wanaume wanaokatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi kwa sababu ya PSA ya juu, karibu mmoja tu katika wanne hukutwa na saratani. Kwa hiyo kwenye kambi za matibabu za bure, kabla ya kunyoosha mkono, muulize daktari: nikikutwa na PSA ya juu, hatua inayofuata ni ipi, na inafanyika wapi?

Kipimo cha damu hufaulu kinapoulizwa swali moja, kwa watu wanaostahili kuulizwa. Hong Kong ni mfano mzuri. Huko saratani ya nyuma ya pua ni nyingi, na karibu yote huandamana na virusi vya Epstein-Barr. Watafiti, Lo akiwa mmoja wao, waliwapima wanaume zaidi ya 20,000 wakitafuta DNA ya virusi hivyo tu. Mwaka 2017 walitangaza kwamba walikuwa wamepata wagonjwa 34, na wengi wao walikuwa katika hatua za mwanzo, ambapo tiba huponya.

Virusi hivyohivyo vina habari yake Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa mataya kwa watoto, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Saratani ya Burkitt hufuata malaria, na nchini Kenya maeneo yake yamekuwa kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani. Hukua upesi kiasi cha kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kungoja majibu ya kipande cha nyama kwa wiki kadhaa kunaweza kumgharimu mtoto. Ndiyo maana watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakijaribu kuitambua kwa damu.

Lakini kwa mkazi wa Kilifi, kipimo cha damu chenye manufaa makubwa kuliko vyote hivi ni cha tone la kidoleni, na majibu yake hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Ni kipimo cha homa ya ini aina ya B. Hakitafuti saratani, hutafuta mzazi wake.

Virusi vya homa hiyo vikimwingia mtoto wakati wa kuzaliwa, karibu watoto tisa katika kumi hubaki navyo maisha yote. Hukaa kwenye ini miaka thelathini au arobaini bila homa wala manjano, kisha ini hukauka au huota saratani. Mahindi nayo huongeza hatari: yasipokaushwa vizuri huingia kuvu inayotoa sumukuvu, na mtu mwenye virusi anayekula sima ya mahindi hayo hatari yake huzidi maradufu kwa maradufu.

Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa hiyo mwaka 2001, kwa sindano inayokinga magonjwa matano pamoja. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, walioanza kazi katika hospitali ya Kilifi mwaka 1989, walipima jinsi sindano hiyo ilivyopunguza homa kali za watoto zinazosababishwa na bakteria wa Hib, ambazo nazo ni mojawapo ya magonjwa hayo matano. Siku hizi kituo hicho kinafuatilia pia homa ya ini B kwa watu wazima wa Kilifi. Taiwan, iliyotangulia kuchanja watoto mwaka 1984, iliona saratani ya ini ikipungua kwa watoto kabla ya karne kwisha.

Waliozaliwa kabla ya 2001 hawakupata kinga hiyo utotoni, na ndio wanaofaa kupimwa. Asiye na virusi wala kinga anaweza kuchanjwa hata sasa. Anayepatikana na virusi hupimwa ini, na akihitaji dawa hupewa tenofovir, dawa ileile inayotumika kwa VVU, ambayo huvidhibiti virusi na kupunguza uwezekano wa saratani. Walio katika hatari zaidi huangaliwa ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti kila miezi sita, pamoja na protini ya damu iitwayo AFP. Mchangiaji damu naye hupimwa homa hiyo kabla damu yake haijatumika, kwa hiyo afuatilie majibu.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayowaua wanawake wengi nchini, haihitaji damu kabisa: pamba ya kuchukulia sampuli au siki hutosha kuonyesha hatari au mabadiliko kabla hayajawa saratani. Kwa hiyo mwenye laki moja ya kutuma damu Marekani na aitume akipenda, lakini kwanza amalize tone la kidoleni na, kama ni mwanamke, kipimo cha mlango wa kizazi. Hivyo viwili hujibu jambo linalotibika hapa hapa Pwani.