Nguvu ya Injini Pekee Haitoshi: Jinsi Injini na Rafadha Zinavyoamua Usalama wa Boti ya Abiria

Kwa wakazi wa Mfangano, Takawiri, Remba na Ringiti, boti ndiyo matatu. Ndiyo inayowapeleka sokoni Mbita, na ndiyo inayombeba mgonjwa anapohitaji hospitali kubwa. Abiria wengi wanapochagua boti huuliza swali moja tu: ina injini ya ngapi? Wakiambiwa ni 40, huridhika kuliko wakiambiwa ni 25.

Swali hilo ni zuri lakini halitoshi. Boti yenye injini kubwa inaweza kukataa kupinda, kuzama upande wa nyuma au kukosa nguvu katikati ya mawimbi, iwapo injini imefungwa vibaya au rafadha (yaani propela) hailingani na mzigo. Makala haya yanaeleza kwa nini, na mambo ambayo mkazi anaweza kujionea mwenyewe kabla ya kupanda.

Injini ndiyo usukani

Boti nyingi za mbao na za fibaglasi zinazobeba abiria katika ziwa letu hutumia injini inayofungwa nje, kwenye ubao wa nyuma. Boti hizi hazina usukani wa bapa chini ya maji. Nahodha anaposukuma mkono wa injini, injini nzima hugeuka, na maji yanayorushwa na rafadha ndiyo yanayosukuma nyuma ya boti upande mmoja. Mkono ukienda kushoto, boti hupinda kulia.

Maana yake ni kwamba injini ikizimika, uwezo wa kuongoza boti hupotea karibu wote. Hata kupunguza mafuta ghafla mbele ya kikwazo hudhoofisha uwezo wa kukikwepa. Boti itaendelea kuteleza ilikokuwa ikielekea, kisha upepo utaigeuza ubavu kwa mawimbi. Ndiyo sababu kila boti inapaswa kuwa na makasia na nanga, hata kama injini ni mpya.

Vyombo vikubwa vyenye injini ya dizeli ndani vina mfumo tofauti: rafadha imeshikamana na chuma kirefu kinachotoka chini ya chombo, na usukani uko nyuma yake. Usukani huo huendelea kufanya kazi mradi maji yanapita juu yake. Udhaifu wake huonekana wakati wa kurudi nyuma. Rafadha inayozunguka kwa mkono wa kulia ikirudishwa nyuma huvuta sehemu ya nyuma ya chombo kushoto. Nahodha mzoefu hulijua jambo hili na hulitumia kukisogeza chombo kwenye gati.

Rafadha ni kama gia

Kwenye rafadha huwa pameandikwa namba mbili, kwa mfano 11 na 13. Ya kwanza ni upana wa rafadha kwa inchi. Ya pili ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Katika mfano huu ni inchi 13, yaani takriban sentimita 33, ingawa majini husonga pungufu kwa sababu maji huteleza.

Fikiria pikipiki inayopanda mlima ikiwa na abiria na gunia la mahindi. Ukiing'ang'aniza gia ya juu, injini itakoroma na kushindwa. Rafadha yenye namba kubwa ya pili ni gia ya juu: inafaa boti nyepesi inayokimbia. Yenye namba ndogo ni gia ya chini: inafaa boti iliyojaa watu na mizigo. Rafadha ya mapanga manne nayo hushika maji vizuri zaidi kuliko ya matatu wakati boti ni nzito na kuna mawimbi, ingawa hupunguza mwendo kidogo.

Rafadha isiyofaa haipunguzi mwendo tu. Injini iliyolemewa haiwezi kuongeza nguvu haraka nahodha anapohitaji kukwepa wimbi au kujiondoa kwenye mawe. Pia huchoka na kupata joto kupita kiasi, na mara nyingi huzimika mbali na nchi kavu.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, hivyo injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Injini iliyoandikwa 40 hufanya kazi kama ya 36 hivi. Rafadha iliyofaa Mombasa inaweza kuwa nzito mno kwa Mbita.

Injini ifungwe wapi

Juu kidogo ya rafadha kuna bamba bapa la chuma. Bamba hilo linapaswa kuwa sawa na sehemu ya chini ya boti, au chini yake kidogo. Injini ikifungwa juu mno, rafadha hunyonya hewa boti inapopanda wimbi au inapokata kona. Utasikia injini ikipiga kelele ghafla huku boti haisongi. Wakati huo hakuna nguvu wala usukani. Nahodha anapaswa kupunguza mafuta, kuacha rafadha ishike maji tena, kisha kuongeza polepole. Hali hiyohiyo hutokea abiria wakikimbilia mbele wote kwa pamoja, kwa kuwa nyuma ya boti huinuka.

Injini nzito mno nayo ina hatari yake. Huishusha nyuma ya boti, na ubao wa nyuma ndipo mahali ambapo mara nyingi boti huwa fupi zaidi. Boti ya namna hiyo ikisimamishwa ghafla, wimbi lake lenyewe huifuata na kumwaga maji ndani. Kabla ya kubadilisha injini ndogo kwa kubwa, mwenye boti amshauri fundi kuhusu uzito, si nguvu pekee.

Injini mbili

Injini mbili humsaidia nahodha kugeuza boti mahali pembamba: moja husukuma mbele, nyingine nyuma. Moja ikifa, nyingine hufikisha watu nyumbani, ingawa boti itavuta kuelekea upande wa injini iliyokufa. Lakini zikinywa kutoka tangi moja, mafuta yenye maji au uchafu yatazizima zote mbili. Kila injini iwe na tangi lake.

Magugu maji

Katika Ghuba ya Winam, magugu maji hujizungusha kwenye rafadha na kuziba tundu la maji ya kupoza injini. Nahodha aangalie mchirizi mdogo wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Ukikatika, injini izimwe mara moja, inyanyuliwe na kusafishwa. Kurudi nyuma kidogo husaidia kuyafungua magugu kabla hayajakaza.

Mzigo hushinda mitambo yote

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, kikiwa kimebeba watu wengi kuliko idadi iliyoruhusiwa. Zaidi ya watu 200 walifariki, na gati lilikuwa karibu. Chombo kilichozidiwa huchelewa kupinda, na kikipinda huinama zaidi na kuchelewa kunyooka. Hakuna injini wala rafadha inayoweza kurekebisha hilo.

Kabla ya kupanda, angalia:

• Je, nyuma ya boti imeinuka vya kutosha juu ya maji baada ya abiria wote kuketi?
• Je, injini imezimwa wakati watu wanapanda na kushuka majini? Rafadha inayozunguka hukata mguu mara moja.
• Je, nahodha amejifunga kamba ya kuzima injini? Akianguka majini, kamba hiyo huizima injini na boti haiwezi kuwazunguka watu.
• Je, kuna makasia, nanga na rafadha ya akiba?
• Je, kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, watoto wakiwemo? Livae kabla boti haijaondoka.

Ukiwa safarini, keti na usihame upande bila kuelekezwa na nahodha.

Ukiona boti iliyojazwa kupita kiasi au yenye injini inayozimika mara kwa mara, usipande. Toa taarifa kwa viongozi wa BMU wa ufuo huo, kwa chifu, au kwa maafisa wa Mamlaka ya Masuala ya Baharini (KMA). Nauli hurudishwa na boti nyingine itakuja.