Diski Pepe za Linux: Picha ya Data Si Nakala Rudufu

Diski ya seva ikijaa, mfumo hushindwa kupokea taarifa mpya, na huduma inayoutegemea husimama hata kama mitambo yote ni mizima. Ili kuepusha hali hiyo, mfumo endeshi wa Linux, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, una utaratibu wa diski pepe unaofahamika kwa kifupi kama LVM, ulioandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na Heinz Mauelshagen.

Katika utaratibu huo, diski halisi moja au zaidi huwekwa katika hazina moja. Hazina hiyo hugawanywa katika vipande, kwa kawaida vya megabaiti 4 kila kimoja, na vipande hivyo ndivyo vinavyounda diski pepe. Programu huiona diski pepe kama diski ya kawaida, huku kiini cha Linux kikitunza jedwali linaloonyesha mahali halisi data ilipo.

Kutokana na mpangilio huo, diski pepe inapokaribia kujaa, msimamizi huongeza diski mpya katika hazina na kuipanua. Kwa mifumo ya mafaili kama ext4 na XFS, kazi hiyo hufanyika bila kusimamisha huduma.

Aidha, LVM humwezesha msimamizi kupiga picha ya data ilivyo kwa wakati fulani, kwa mfano kabla ya kusasisha programu. Picha hiyo hupatikana haraka kwa sababu data yote hainakiliwi. Sehemu inapokaribia kubadilishwa kwa mara ya kwanza, yaliyokuwamo huhifadhiwa kando.

Hata hivyo, picha hiyo si nakala rudufu. Sehemu ambazo hazijabadilika hubaki katika diski ya awali, hivyo diski hiyo ikiharibika, picha nayo hupotea. Vilevile, nafasi iliyotengewa picha ikijaa, picha hubatilika na haiwezi kutumika tena.

Kwa msingi huo, taasisi inayotunza kumbukumbu za wananchi, ziwe za vizazi, ardhi au matibabu, inapaswa kuweka nakala rudufu katika kifaa kingine, ikiwezekana katika jengo jingine, na kujaribu kuirejesha mara kwa mara. Nakala isiyowahi kujaribiwa haitoi uhakika kwamba kumbukumbu hizo zitapatikana siku zitakapohitajika.