Kabla ya Kufyatua Tofali la Kwanza

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na yule aliyekwisha kuonyeshwa kiwanja chake kambini, amepewa turubai, yaani shitingi kama wengi wenu mnavyoliita, na sasa anataka kutoka kwenye hema ajenge nyumba ya tofali mbichi.

Najua unachotaka kufanya kesho asubuhi. Unataka kuchimba udongo, kuukanyaga na kushika kalibu. Subiri siku mbili.

Nyumba yangu ya kwanza ukimbizini niliijenga kwa haraka hiyo. Nilikuwa na watoto wanne, nikataka nafasi, nikapandisha kuta pana. Zilipopita kichwa changu ndipo nikatandika shitingi juu. Likaishia sawasawa na ukuta, halikuzidi hata kiganja. Mvua ikawa inateremka ukutani kila siku, na wiki ya tatu, usiku, ukuta wa upande wa upepo ukaanguka. Ulianguka kwa nje, namshukuru Mungu, maana watoto walikuwa wamelala kando yake. Majirani walisema udongo ulikuwa mbaya. Udongo ulikuwa mzuri tu. Mimi ndiye niliyeanza na ukuta wakati nilipaswa kuanza na paa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Basi tuanze na paa. Kunjua shitingi lako ulipime. Mengi yana mita 4 kwa 5, lakini pima la kwako. Tuseme ni hilo la 4 kwa 5. Ukilivusha juu ya mgongo wa paa, kila upande unapata mita 2. Toa sentimita 10 za kukunja ukingo ili misumari isilichane. Paa lazima liwe na mteremko, la sivyo maji yatatuama na kulivuta chini. Kisha acha upenu, yaani sehemu ya paa inayozidi ukuta, usiopungua sentimita 40 kila upande. Upenu ndio mwavuli wa ukuta wa udongo. Ukishatoa hayo yote, upana wa nyumba kutoka nje hadi nje unabaki mita 2 na nusu, na urefu mita 4 na sentimita 20. Mgongo wa paa utasimama kama sentimita 70 juu ya kuta za pembeni.

Ni ndogo, sivyo? Kwa ndani, kuta zikiwa na unene wa sentimita 15, ni mita za mraba 8 na nusu hivi. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, bila kuhesabu jiko. Kwa hiyo shitingi moja ni nyumba ya watu wawili, na wa tatu kwa kubanana. Familia ya watu watano inahitaji mita 17 na nusu, maana yake mashitingi mawili yaliyopandana kwa sentimita 30 hivi. Kama la pili huna, jenga chumba kimoja sasa na uache nafasi ya kuongeza upande mmoja. Nyumba ndogo iliyofunikwa vizuri itakulaza salama kuliko kubwa inayolowa. Nimelala katika zote mbili.

Sasa unaweza kuhesabu tofali. Kama kalibu yako inatoa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, kila mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama tofali 26. Nyumba hiyo ndogo, yenye kuta za mita 2, itahitaji kama 700. Fyatua 800, kwa sababu nyingine zitapasuka.

Kabla ya hapo, chukua kamba, vijiti vinne na majivu. Chora nyumba nzima chini. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Kamba zote mbili zikilingana, nyumba imenyooka. Kwa nyumba ya 2.5 kwa 4.2, kila mshazari ni karibu mita 4 na sentimita 89. Halafu ingia ndani ya majivu na familia yako. Mama alale anapolala, watoto walale wanapolala, bibi aingie mlangoni na fimbo yake. Mlango wa sentimita 90 usio na kizingiti kirefu unampitisha bibi, na unampitisha pia mwenye kiti cha magurudumu. Muulize mama mlango uelekee wapi. Yeye ndiye anayejua njia ipi ina watu usiku na ipi ina giza.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Majivu yakiwa bado chini, angalia maji yanapita wapi. Muulize jirani aliyekuwepo msimu uliopita. Kule Kakuma mto Tarach huwa mkavu siku nyingi za mwaka, lakini mvua ikinyesha mbali, maji hufika kwa ghafla. Huku Kigoma hatuna mto wa namna hiyo mlangoni, ila tuna miteremko. Inua sakafu, na uchimbe mfereji upande wa juu wa nyumba. Mfereji huo usimwage maji kwa jirani, maana ugomvi wake nimeusuluhisha zaidi ya mara moja.

Jiko likae peke yake. Kati ya nyumba na nyumba acha angalau mita 2, kwa sababu shitingi likishika moto halisubiri. Choo kiwe upande wa chini wa nyumba, na mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima.

Na lile shimo la udongo? Lipangie mahali leo. Mashimo ya tofali yaliyoachwa wazi hujaa maji, yakazaa mbu, na watoto wadogo huzama humo. Muulize kiongozi wa mtaa wako pa kuchimba, na hapohapo uulize vifaa gani vinaruhusiwa, kwa kuwa kambi hazifanani. Ukikubaliwa, shimo moja la majirani watatu ni rahisi kulifukia kuliko matatu.

Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba. Tofali zinataka wiki tatu hivi za kukauka, zikifunikwa nyasi siku za mwanzo ili zisipasuke kwa jua. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo, utajua siku yako ya kushika kalibu.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)