Fahamu: Agizo moja lililopunguzwa na mashine

Mwaka 2023 Google DeepMind ilitangaza kwamba mfumo wake wa AlphaDev, uliofundishwa kuandika maagizo ya prosesa kama anayecheza bao, umepanga namba tatu kwa maagizo 17 badala ya 18. Agizo moja tu! Rahisi kucheka, lakini kupanga data ni kazi ambayo kompyuta haipumziki kuifanya, na vipande vya msimbo vilivyobuniwa na AlphaDev viliingizwa kwenye maktaba ya C++ ya mradi wa LLVM. Haba na haba.

Wapo wanaosema faida ni ndogo: kwenye orodha za vitu zaidi ya 250,000 kasi iliongezeka kwa karibu asilimia 1.7, huku ongezeko la hadi asilimia 70 lililotangazwa likihusu orodha fupi. Ni kweli. Wengine wanaogopa kukabidhi msimbo wa msingi kwa mashine isiyojieleza. Hofu hiyo, nadhani, imebisha mlango usio wake: namba tatu tofauti zina mipangilio sita, unaijaribu yote ukamaliza. Kasheshe iko kwenye chipu nzima, isiyojaribika katika kila hali, na huko madai ya Google ya mwaka 2021, kwamba mashine ilipanga vijenzi vya chipu kwa saa chache, yamezua ubishi mkali miongoni mwa wahandisi.