Jina la binti liko bado kwenye lisiti

Sisi madelege wa sindika tumezoea baba anayekuja kuongeza mtoto: mtoto amezaliwa, tunamwandika kwenye lisiti, kampuni inamtunza hospitalini na kulipa minervali. Lakini hapa Likasi mwenzetu mmoja alikuja kwa ajili ya kuondoa. "Mumutoshe ku lisiti, alisha kuolewa." Tukatazama mwaka wa kuzaliwa. Binti ana miaka 15.

Mwenzetu ni wa kanzu nyeupe, wale tunaowaita Bapostolo. Makanisa yao ni mengi, na si yote yanafanya hivi. Kwenye kazi, tuseme ukweli, ni watu wazuri: hawanywi, hawavuti, siku ya mshahara hawaleti palabre. Lakini katika kanisa lake nabii akiona maono ya ndoa, nani atabishana? Mzee aliyepewa binti alikuwa na bibi wawili tayari.

Mama yake ndiye alitueleza. Binti anaamka mbele ya wote, anachota maji, anasonga bukari ya watu kumi na mbili, anafua kanzu za nyumba nzima (na nyeupe haifichi kitu). Mtoto mkubwa wa mume anamupita umri. Daftari zake za hesabu mama amezificha chini ya godoro. Tena ana mimba, na kwao dawa ya hospitali ni zambi: ni maombi tu na maji. Kule Marange, Zimbabwe, ambako mengi ya makanisa hayo yalianzia, mwaka 2021 binti mdogo alikufa akizaa mahali pa ibada.

Tulirudia kwa baba na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 mkononi. Inakataza ndoa ya mtoto, na mtoto ni yeyote asiyefika miaka 18. Basi, tata, binti yako hajaolewa. Ni mtoto wa lisiti, na hospitali ni haki yake. Akanyamaza, akatoka.

Wengine kati yetu walitaka twende parke siku ile ile. Mama akalia: baba akifungwa, wale saba waliobaki watakula nini? Tungali tunabishana juu ya hilo, na miezi ya mimba haingojei.

Juma lililopita mama alikuja biro peke yake kuchukua karte ya matunzo ya binti. Aliifunga ndani ya kitambaa cha kichwa, akauliza maternite inafungua saa ngapi Jumamosi, wakati wengine wako kwenye maombi.