Je, Wajua? Wasomi wa Mlimani na Ardhi ya Dhahabu

Hapa Nkome, kando ya Ziwa Victoria, mwalo ni mahali mitumbwi inapofika na dagaa wanapoanikwa. Ukienda bara upande wa machimbo ya Geita, mwalo ni pale mawe yaliyotoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, na kusagwa kwenye mashine ya karasha yanapooshwa kutafutiwa dhahabu. Neno ni moja, kazi mbili, na watu wa mialo yote miwili wamehojiwa mno na watu wa vyuo vikuu. Safu ya leo inawahusu wahojaji hao: walimu wa siasa, sheria, uchumi na utawala wa umma, walichofanya darasani na walichofanya walipotoka nje.

Je, wajua kwamba kimojawapo cha vitabu vinavyotajwa zaidi juu ya siasa za kupigania uhuru nchini kinasimulia habari za Geita? Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka halmashauri ya wilaya ya Geita iwe ya mseto, Waafrika wakae meza moja na wajumbe wa Kihindi na wa Kizungu. Wilaya yenyewe karibu yote ilikuwa ya Waafrika. TANU nayo ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954, kwa hiyo hasira haikuwa na pa kupitia. Mwaka 1958 ikapasuka. Maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupeleka malalamiko kwa wakuu wa jimbo, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi, na mwishowe mpango ule wa mseto ukaachwa. Wakulima wa pamba na wavuvi walikuwa wameishinda hoja ya dola, na walitembea kwa miguu kuishinda.

Aliyeyaandika hayo kwa kina ni mtafiti kijana wa Kimarekani, Andrew Maguire. Alipata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1966, na kitabu chake Toward 'Uhuru' in Tanzania kilichapishwa na Cambridge mwaka 1969. Baada ya hapo akagombea ubunge kwao New Jersey, akashinda, akakaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1975 hadi 1981. Mtu aliyejifunza siasa kwa kuwafuatilia Wasukuma akaenda kutunga sheria Washington! Natamani kila mwanafunzi wa sekondari za Geita asimuliwe habari hii kabla hajafanya mtihani wa historia.

Je, wajua kwamba miaka mitano kabla ya maandamano yale, mwaka 1953, wakoloni walikuwa wamefungua shule ya serikali za mitaa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru? Ilifundisha machifu, makarani wa baraza na madiwani. Mwaka 1972 ikaunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM), na watu wa rika fulani hadi leo wanaiita hivyo. Mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Mmoja wa waliofundishwa utawala wa umma katika madarasa yale ni Samia Suluhu Hassan, aliyehitimu mwaka 1986. Walimu waliosahihisha madaftari yake wanaweza kudai sehemu ndogo ya Ikulu.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia katika jengo la chama? Oktoba 25, 1961 kilifunguliwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa mtoto wa ziwa hili: Pius Msekwa, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005.

Je, wajua kwamba Walter Rodney alikuwa akifundisha historia Mlimani kilipotoka kitabu chake juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mwaka 1972? Na kwamba Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi pale mwishoni mwa miaka ya 1960?

Je, wajua kwamba Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia wa Mlimani, mwaka 1998 aliondoka darasani akaenda kuongoza waasi wa RCD mashariki mwa Kongo? Huyo ni Mkongo. Upande wa Uganda, Apolo Nsibambi, profesa wa siasa wa Makerere, alikuwa waziri mkuu tangu 1999 hadi 2011.

Turudi kwenye udongo. Je, wajua kwamba mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi mwalimu wa sheria tume ya kuuliza nchi nzima ardhi ni ya nani? Mwalimu huyo ni Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, aliyeanza kufundisha Mlimani mwaka 1970 na ambaye serikali haikuzoea kusifiwa naye. Tume yake ilizunguka mikoa ya Bara, ikaketi na wanavijiji kwenye mikutano ya hadhara, ikasikiliza migogoro iliyoachwa na operesheni vijiji, yaani kuhamishwa kwa watu kwenye vijiji vipya. Ripoti ikachapishwa mwaka 1994 katika majuzuu mawili, la pili likiwa la migogoro yenyewe. Pendekezo lake zito lilikuwa kuiondoa ardhi mikononi mwa Rais: milki ya juu ya ardhi isikae kwake, ya vijiji ikae kwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ilikataa. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ziliacha ardhi yote ikiwa ya umma na Rais akiwa mdhamini wake.

Kwa mtu wa Kanda ya Dhahabu jambo hili si la vitabuni. Shamba lako la muhogo unaweza kulirithi kwa babu, lakini kilicho chini ya mizizi ya muhogo hukurithi. Madini ni mali ya taifa, na anayepewa leseni ya kuchimba anaweza kuwa mtu usiyewahi kumwona. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Mabishano juu ya siku zile hayajaisha mpaka leo, na ukiyasoma utaona kwamba swali la tume ya Shivji lilikuwa limekaa pale pale: kijiji kina sauti gani juu ya ardhi kinayoikalia?

Je, wajua kwamba mwaka 2004 watafiti walihesabu umaskini wa wachimbaji wadogo hapa hapa, katika wilaya za Geita na Misungwi? Wakati ule Geita ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza. Walikuwemo Rosemarie Mwaipopo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Wilson Mutagwaba, David Nyange na Eleanor Fisher. Wengi mjini waliamini kwamba mchimbaji ni mtu wa kubahatisha, leo tajiri, kesho analala njaa. Watafiti walikuta kinyume: wanaume kwa wanawake walioshika uchimbaji hawakuwa maskini kwa kiwango cha wale waliotegemea kazi nyingine. Wengi walichanganya duara na shamba, fedha ya mawe ikanunua mbegu na kulipa ada. Makala yao ya mwaka 2009 ilipewa jina la ngazi inayompandisha mtu kwenye utajiri. Mwaka 2014 Mwaipopo akawa mmoja wa wahariri wa kitabu kizima juu ya uchimbaji na mabadiliko ya jamii Afrika.

Hapa niseme langu. Nikiwa kijana niliwahi kumtafsiria mtafiti mmoja mwaloni, maswali yakitoka Kiingereza kwenda Kisukuma na majibu yakirudi njia hiyo hiyo. Akina mama waliacha dagaa juani wakaketi nasi saa nzima nzima. Mmoja aliniuliza jibu lake litasomwa wapi. Sikuwa na la kumwambia, na ripoti yenyewe haikurudi Nkome kwa lugha yoyote. Tangu siku hiyo kila nikisikia profesa kapata tuzo kwa kazi ya vijijini, swali la yule mama hunirudia. Ndiyo sababu naandika safu hii kwa Kiswahili na kwa majina.

Je, wajua kwamba jambo linalotuumiza zaidi kanda hii lilipata mtafiti wa humu nchini mapema? Simeon Mesaki, mhadhiri wa sosholojia Mlimani, alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1993 juu ya mauaji ya wanaodhaniwa wachawi Usukumani. Waliouawa kwa wingi walikuwa wanawake wazee. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, ingawa kila mtu anajua moshi wa jikoni unavyofanya macho ya mpishi wa miaka 50. Mesaki aliiandika pia historia ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo tuliirithi kwa Waingereza na ambayo haijawahi kumlinda bibi yeyote usiku watu wa mapanga wanapobisha hodi. Kazi kama hii haina shangwe. Anayeifanya anastahili heshima kuliko yule anayepamba makongamano.

Je, wajua kwamba sungusungu, au basalama, walioibuka upande wa Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walichunguzwa na watu wawili waliopitia Chuo Kikuu cha Cambridge? Ray Abrahams alikuwa mwalimu pale, naye alikuwa ameishi kwa Wanyamwezi tangu miaka ya 1950. Sufian Bukurura, mwanasheria wa Kitanzania, alipata uzamivu pale pale mwaka 1994 kwa mada hiyo. Mmoja alitazama kwa jicho la mila, mwingine kwa jicho la sheria.

Je, wajua kwamba mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Mlimani, Penina Mlama na wenzake, walipeleka tamthilia Malya, wilaya ya Kwimba, si kwa kucheza mbele ya wanakijiji bali wanakijiji wenyewe wacheze matatizo yao? Ngoma za Kisukuma zikawa mkutano wa hadhara.

Je, wajua kwamba sakata la makinikia la 2017 lilikuwa karibu kikao cha maprofesa watupu? Makinikia ni mchanga wenye madini, na huo ulitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, kwa Kahama. Kamati ya kwanza, iliyopima makontena 277 bandarini, iliongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia. Ilisoma ripoti Ikulu Mei 24, na siku hiyo hiyo waziri wa nishati na madini akaondolewa. Waziri huyo alikuwa Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia mwenzake wa Mlimani. Juni 12 ikaja kamati ya pili, ya uchumi na sheria, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, mchumi. Kampuni yenye migodi hiyo ilizikataa hesabu za kamati zote mbili. Ndipo akaingia Profesa Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria aliyekuwa ameteuliwa waziri miezi michache kabla, kuongoza majadiliano na Barrick. Oktoba 19 walitangaza mwafaka, na mkataba ukatiwa saini Januari 24, 2020: kampuni ya Twiga, serikali asilimia 16, Barrick asilimia 84, na mgawanyo sawa wa faida za kiuchumi. Katikati ya hayo Bunge lilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Mruma, Muhongo, Osoro, Kabudi: wote wanne wamewahi kusimama mbele ya ubao wa chuo kimoja.

Na mwaka 2018 mwenyekiti wa Tume ya Madini akawa Profesa Idris Kikula, aliyekuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Je, wajua haya ya haraka haraka? Harrison Mwakyembe, mhadhiri wa sheria, aliongoza kamati teule ya Bunge juu ya sakata la umeme la Richmond, na Februari 7, 2008 waziri mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ibrahim Hamis Juma, profesa wa sheria, akawa Jaji Mkuu mwaka 2017. Tulia Ackson, mhadhiri wa kitivo hicho hicho cha sheria, akawa Spika mwaka 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Ruth Meena wa idara ya siasa na Marjorie Mbilinyi walikuwa miongoni mwa walioujenga Mtandao wa Jinsia, TGNP, ulioanza mwaka 1993. Haroub Othman alishiriki kuanzisha kituo cha huduma za sheria Zanzibar, na hakuacha kufundisha Mlimani.

Je, wajua kwamba chuo kikuu kinachoifundisha kanda yetu uandishi wa habari na mahusiano ya umma kilianza kama kituo kidogo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, mwaka 1960? Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kijana wa Nkome anayesoma pale hakai tena foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja.

Na je, wajua kwamba wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere, uliochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2020, una vitabu vitatu na waandishi watatu, wote walimu wa Mlimani? Cha kwanza ni cha Saida Yahya-Othman, cha tatu cha Shivji. Cha pili, kinachohusu miaka ya kupigania uhuru, miaka ile ile watu wa Geita walipotembea hadi Mwanza, kimeandikwa na mwalimu wa idara ya siasa na utawala wa umma aitwaye Ng'wanza Kamata. Kwa Kisukuma, Ng'wanza ndiyo Mwanza.